Mguu wake haukuwa dhaifu: namna ya kuchagua mikro za batri wakati pesa ni kidogo



Wengi wenu mnanijua kwa mambo ya mihogo. Niko na lisansi ya agronomia, na siku zangu nyingi zinaishia katika mashamba kati ya Baraka na Fizi-centre, nikipima mistari na kuhesabu mashina yaliyoshikwa na mozaiki. Leo naomba ruhusa nitoke shambani kidogo. Nataka kueleza namna ya kuchagua mikro za batri, za kurekodi na za kupiga mbele ya watu. Na nikisema batri sisemi ile ya gari wala ya sola. Nasema seti ya ngoma: ngoma kubwa ya mguu, kesi-kleri, tomu, sharleston na simbali.

Niko na sababu mbili. Ya kwanza, kila mwezi kuna kijana ananiuliza. Korali karibu zote za hapa kwetu zinataka video, vikundi vya vijana vinataka kurekodi, na ndugu wengine wanafikiria kufungua studio ndogo wakati wanangojea kazi inayolingana na diploma yao. Ya pili, kuna mtu nilimkosea juu ya mikro, na ilinichukua miezi minane kulijua kosa lenyewe.

Ilikuwa hivi. Korali yetu iko na batri ya zamani. Ilivuka ziwa kutoka Kigoma, wakati wazazi wetu walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka kambi za Tanzania mwaka 2005 na miaka iliyofuata. Vijana waliokulia kambini ndio waliotufundisha kuipiga. Mwaka ninaousema, mpigaji wetu alikuwa msichana wa miaka 17, mdogo wangu katika korali, mimi ananiita yaya. Mikono yake mizuri, mguu wake una nguvu, hachelewi wala hakimbii.

Tulichanga dola 280. Mama wanaouza ndagala sokoni walitoa franga 1000, wengine 2000, kila Jumapili, karibu mwaka mzima. Mimi nikatumwa kununua, eti kwa kuwa ndiye msomi. Nikaleta sanduku moja la mikro saba, zote zimeandikwa majina ya kampuni kubwa. Nilijivuna kweli. Kebo zilizokuja nazo zilikuwa mbaya, basi nikachomelea zingine mwenyewe, kwa chuma cha jirani anayetengeneza redio.

Tukarekodi nyimbo sita. Simbali zikatoka kama mifuniko ya sufuria, na ngoma ya mguu haikuwa na tumbo kabisa. Ulikuwa unasikia tik, tik, basi. Komite ilisikiliza mara mbili, kisha mzee mmoja akasema: "Huyu mtoto mguu wake ni dhaifu. Batri ni kazi ya wanaume." Vijiti wakampa kijana mwingine. Mimi nilikuwa pale pale. Nilikaa kimya, juu nilidhani labda mzee anasema kweli.

Mbele ya kuwaambia kosa lilikuwa wapi, tupitie mambo yenyewe kwa utaratibu. Yangejulikana siku ile, mtoto asingenyang'anywa vijiti.

Ubao mfupi wa pipa

Katika agronomia tunafundishwa mapema kanuni ya minimumu. Carl Sprengel aliieleza mwanzoni mwa karne ya 19, na Justus von Liebig akaieneza: mavuno hayafuati chakula kilicho kingi udongoni, yanafuata kile kilicho kidogo. Kama fosfori haitoshi, kuongeza azoti ni kumwaga pesa. Mwalimu huchora pipa lenye mbao za urefu mbalimbali, na maji yanamwagikia pale penye ubao mfupi.

Sauti ya batri ni vile vile. Mbao zake ni hizi: mpigaji, ngozi za ngoma, chumba, mahali ulipoweka mikro, mikro yenyewe, kisha kebo na mikseri. Sisi vijana tunakimbilia ubao wa mikro tu, juu ndio unaong'aa dukani. Lakini mara nyingi ubao mfupi uko kwingine.

Anza na ngozi. Ngozi iliyochoka, iliyobonyea pale fimbo inapopiga, haitaponywa na mikro ya dola 500. Ukiweza, badilisha ngozi ya juu ya kesi-kleri na ile ya ngoma ya mguu inayopigwa. Usipoweza, kaza upya: kaza skurubu moja, kisha ile inayoitazama ng'ambo, hivyo hivyo hadi mwisho. Gonga kwa kidole karibu na kila skurubu, sauti zilingane. Ndani ya ngoma ya mguu weka blanketi ndogo linaloigusa ngozi kidogo tu, isiendelee kulia muda mrefu.

Halafu chumba. Makanisa yetu mengi ni ukuta wa matofali, sakafu ya saruji na bati juu. Sauti inarudi kama ndani ya kisima. Tandika zulia au mikeka chini ya batri, tundika vitenge na blanketi nyuma yake na pembeni. Na ikiwa ni majira ya mvua, panga kurekodi wakati mbingu ni safi. Hakuna mikro inayoshindana na mvua juu ya bati.

Halafu jenereta. Sisi tunaishi kwa sola na jenereta, na kelele yake inaingia katika kila wimbo. Shida hii si mpya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alipita Kongo na Rwanda, na huko Rwanda alirekodi hata ngoma za ikulu ya mwami. Alitembea na jenereta yake, akaiweka mbali na wapigaji kwa kebo ndefu. Mikro aliishika mwenyewe mkononi, akiisogeza kufuata muziki. Mwaka 1954 alianzisha International Library of African Music, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini, na rekodi zake bado zinasikilizwa. Hakuipa kila ngoma mikro yake. Alijua mahali pa kusimama. Basi na sisi, nunueni mita 30 za waya wa umeme, jenereta iende nyuma ya nyumba ya jirani, na mwombeni jirani ruhusa mapema.

Mikro za aina mbili

Kwa batri unahitaji kujua aina mbili tu.

Mikro dinamiki ndani yake kuna koili ndogo ya waya inayocheza katika sumaku. Haihitaji umeme, inavumilia kelele kubwa, vumbi, joto na kuanguka. Hii ndiyo ya kuweka karibu na ngoma. Shure SM57 ilitoka mwaka 1965, na SM58 ile ya kuimbia mwaka 1966, na mpaka leo SM57 inasimama mbele ya kesi-kleri katika studio nyingi za dunia. Mpya, inauzwa karibu dola 100 katika maduka ya Marekani. Lakini kuna dinamiki za dola 20 hadi 30, kwa mfano Behringer XM8500, ambazo kwa kesi-kleri zinafanya kazi ya heshima.

Mikro kondensa iko na utando mwembamba sana wenye chaji ya umeme. Inasikia mambo madogo madogo: fimbo inavyogusa simbali, hewa ya chumba. Hii ndiyo ya kuweka juu ya batri, mbali kidogo. Inahitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye mikseri kupitia kebo ile ile ya mikro. Tafuta kitufe kilichoandikwa 48V au fantomu. Kama mikseri yako haina kitufe hicho, kondensa haitasema neno, hata ungeilipa dola 1000. Kagua mikseri kwanza.

Kuna mikro moja ya pekee, ya ngoma ya mguu. Ni dinamiki, lakini imetengenezwa kusikia sauti za chini. Tumbo la ngoma ya mguu linaishi karibu na hertzi 60 hadi 100. SM58 kwenye karatasi yake inaanza kwenye hertzi 50, lakini huko chini imepunguzwa makusudi, ili pumzi ya mwimbaji isivume. Ndiyo maana ukiiweka kwenye ngoma ya mguu unapata pigo bila tumbo. Majina yanayojulikana ni AKG D112 na Shure Beta 52A. Hizo ni ghali kwetu, lakini kampuni ndogo zinatengeneza za mtindo huo huo kwa bei karibu na dola 50.

Neno la mwisho hapa: kadioidi. Mikro nyingi za jukwaani ni za namna hiyo. Mbele inasikia vizuri, pembeni inasikia kama nusu, nyuma karibu haisikii. Basi mgongo wa mikro nao una kazi. Ile ya kesi-kleri, igeuzie sharleston mgongo. Zile za waimbaji, zigeuzie bafle mgongo, na larseni itapungua.

Ngapi zinatosha?

Sanduku la mikro saba linadanganya watu wengi. Kwa bei hiyo hiyo, mikro tatu nzuri zinashinda saba za ovyo. Na kila mikro unayoongeza inaleta kebo moja, mguu wa mikro mmoja, nafasi moja kwenye mikseri, na nafasi moja zaidi ya kukosea.

Ukipiga mbele ya watu, ndani ya kanisa la watu 150 au 200, mikro moja inatosha: ya ngoma ya mguu. Kesi-kleri na simbali zinajaza nyumba zenyewe, na mara nyingi shida ni kuzipunguza. Kwenye uwanja wazi, kama zile kampeni za pembeni ya ziwa, weka mbili: ngoma ya mguu na kesi-kleri. Ukiwa na ya tatu, iweke juu kidogo katikati ya tomu na simbali, na uivishe sponji kwa ajili ya upepo wa ziwa.

Kwa kurekodi ni kinyume. Hapo mikro za juu ndizo mama, juu zinasikia batri nzima jinsi sikio linavyoisikia. Ukiwa na mbili, weka moja juu na moja kwenye ngoma ya mguu. Ukiwa na nne, weka mbili juu, moja ngoma ya mguu, moja kesi-kleri. Nne zikiwekwa vizuri zinatosha kwa korali, kwa rumba, kwa karibu kila kitu tunachopiga hapa.

Na asiye na kitu? Simu yako. Iweke mita mbili au tatu mbele ya batri, urefu wa kifua, isiwe kwenye meza inayotetemeka. Jaribu dakika moja, usikilize. Sauti ikipasuka, rudi nyuma mita moja, jaribu tena.

Uzi wa kupandia mahindi

Kuweka mikro ni kazi ya vipimo, na vipimo sisi watu wa agronomia tunavipenda.

Kesi-kleri: mikro ikae sentimita 3 hadi 5 juu ya ukingo, imeinama kutazama katikati ya ngozi. Usiiweke pale fimbo inapopita.

Ngoma ya mguu: kama ngozi ya mbele ina shimo, ingiza mikro kupitia shimo, sentimita 10 au 15 ndani. Ukiisogeza kuelekea pedali unapata pigo kali zaidi, ukiirudisha nje unapata tumbo zaidi. Kama haina shimo, usiitoboe kwa kisu cha jikoni. Weka mikro karibu na ngozi ya mbele, uisogeze mpaka usikie vizuri.

Za juu: hapa kuna namna ya Glyn Johns, Mwingereza aliyerekodi albamu ya kwanza ya Led Zeppelin iliyotoka mwaka 1969. Mikro moja inakaa juu ya kesi-kleri, kama mita moja kwenda juu, inatazama chini. Ya pili inakaa pembeni, upande wa tomu kubwa ya sakafu, chini zaidi, inatazama kesi-kleri na sharleston. Siri yake ni moja: mikro zote mbili ziwe na umbali uleule kutoka katikati ya kesi-kleri. Mimi natumia uzi uleule ninaopandia mahindi. Mtu mmoja anashika ncha katikati ya kesi-kleri, mwingine anavuta hadi mikro ya kwanza, anafunga fundo, kisha anapeleka fundo hilo kwenye mikro ya pili.

Kwa nini umbali uleule? Sauti inatembea karibu mita 340 kwa sekunde. Ni haraka, lakini si papo hapo. Mikro moja ikiwa mbali zaidi ya nyingine kwa sentimita 34, pigo linaifikia kwa kuchelewa milisekunde moja. Ukichanganya hizo mbili, kuna sauti ambazo moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na zinauana. Kwa tofauti hiyo ya sentimita 34, zinazouawa kwanza ziko karibu na hertzi 500. Unabaki na sauti nyembamba, ya kwenye bomba, na hujui imetoka wapi. Mafundi wanaliita jambo la fazi.

Kosa langu

Sasa turudi kwa mdogo wangu.

Kebo ya mikro ina njia tatu. Namba 1 ni ardhi, namba 2 ni chanya, namba 3 ni hasi. Kila namba ya upande huu lazima ifike kwenye namba yake ya upande ule. Miezi minane baada ya ile rekodi, kebo moja ilikatika, nikaifungua na kuipima kwa multimeta. Nilipomaliza nikapima na zingine, kwa kupitisha wakati tu. Ile tuliyotumia kwenye ngoma ya mguu ilikuwa imegeuka: 2 ilienda kwenye 3, na 3 kwenye 2. Niliichomelea mimi mwenyewe, usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu.

Kebo ya namna hiyo inapitisha sauti, na ukisikiliza mikro ile peke yake hutagundua kitu. Lakini ukiichanganya na mikro za juu, ngoma inasukuma upande huu na kuvuta upande ule. Tumbo linaliwa. Kadiri yule mtoto alivyokanyaga pedali kwa nguvu, ndivyo mikro zilivyozidi kuulana. Mguu wake haukuwa dhaifu. Chomelea langu ndilo lilikuwa bovu.

Kulijua hilo siku ile kungechukua dakika mbili. Fungua mikro ya ngoma ya mguu peke yake, usikilize. Kisha pandisha za juu polepole. Tumbo likiongezeka, ni vizuri. Likipungua, kuna kitu kimegeuka. Mikseri nyingine ina kitufe chenye duara lililokatwa na mstari. Bonyeza, usikilize tena. Kama hakuna, badilisha kebo, au pima zote kwa multimeta kabla ya kurekodi. Multimeta ndogo haifiki dola 10.

Usidanganywe dukani

Ile ilikuwa nusu ya shida. Nusu ya pili ilikuwa sanduku lenyewe. Mikro mbili zilikufa kabla ya Noeli, na ile iliyoandikwa jina la SM58 niliipeleka kwenye mzani tunaopimia mbegu za maharagwe. SM58 ya kweli ina uzito wa gramu 298. Yangu ilikuwa gramu 221. Mikro za bandia zenye majina makubwa zimejaa duniani kote, si hapa kwetu tu, na Shure wenyewe wamekwisha kuonya watu mara nyingi. Uzito ukilingana bado si ushahidi kamili, maana wadanganyifu nao wana mizani. Lakini ukipishana hivyo, rudisha.

Ukienda kununua, Uvira, Bujumbura, Bukavu au Kigoma, beba ekuta zako, kebo yako nzuri na mzani mdogo wa jikoni. Omba kujaribu. Sema mbele ya mikro, kisha pembeni, kisha nyuma, umbali uleule. Kama inasikia sawa pande zote, hiyo si kadioidi. Itikise: kitu kisilie ndani. Tikisa kebo pale inapoingia: isikwaruze. Nyamaza, pandisha sauti: usisikie mvumo mkubwa. Muuzaji akikataa ujaribu, msalimie kwa heshima, utoke.

Bei nayo inasema. Mikro inayouzwa dola 100 kwao haiwezi kufika Baraka kwa dola 25 baada ya meli, ushuru na lori. Kwa dola 25 ni bora mikro halali ya kampuni ya bei nafuu, yenye jina lake yenyewe, kuliko jina kubwa la uongo. Ya kwanza unajua ulichonunua.

Angalia na kebo inayokuja ndani ya boksi. Mikro nyingi za bei ndogo zinauzwa na kebo ya jeki ndefu upande mmoja. Kebo hiyo inavuta mvumo wa umeme, na volti 48 hazipiti humo. Nunua zenye pini tatu pande zote mbili.

Dola 300 za mara ya pili

Baada ya kugundua kosa, nilienda mbele ya komite na kebo mkononi. Nikaeleza. Wengine walicheka, wengine walikasirika, na walikuwa na sababu. Ilichukua zaidi ya mwaka kuchanga tena. Mama mmoja aliniuliza akinitazama machoni: "Mwanangu, na hizi nazo zitakufa?" Sikuwa na jibu la haraka.

Safari hii nilipanga kama tunavyopanga shamba, kuanzia ubao mfupi. Bei ni tulizolipa sisi, mbali na usafiri:

Ngozi tatu mpya: dola 55.
Miguu minne ya mikro, miwili mirefu na miwili mifupi: dola 70.
Kebo nne za pini tatu: dola 35.
Mikro ya ngoma ya mguu, ya kampuni ndogo: dola 50.
Dinamiki moja ya kesi-kleri: dola 25.
Jozi ya kondensa ndogo za juu: dola 65.

Jumla dola 300. Mikro zenyewe ni dola 140, chini ya nusu. Kuna waliolalamika: pesa yote hiyo, na mikro ni nne tu? Niliwaomba wangojee wasikie.

Jambo moja mkumbuke juu ya kompyuta. Mikseri nyingi ndogo zenye USB zinapeleka kwenye kompyuta njia mbili tu, kushoto na kulia, hata kama umeunganisha mikro nane. Yetu ni hivyo. Kwa hiyo uzani wa ngoma ya mguu na simbali tunaupanga palepale kabla ya kurekodi, baadaye hakuna kutengeneza. Tunarekodi dakika moja, tunasikiliza wote, tunasogeza mikro, tunarekodi tena. Mara tano, mara sita. Ukitaka kila mikro ijitegemee, tafuta kadi ya sauti yenye njia nne za mikro, kama Behringer UMC404HD. Inaweza kuwa ununuzi wa mwaka unaofuata.

Na vitunze. Hewa ya ziwa ina unyevu, na kondensa hazipendi unyevu. Zikitoka kazini, zifute, zirudi kwenye boksi pamoja na vile vifuko vya chembe za kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Wakati wa kiangazi, vumbi: mikro isilale bila soksi yake. Na mtu mmoja tu ashike ufunguo wa sanduku. Kitu cha wote ambacho hakina mtu wa kukijibia kinakufa haraka.

Pasaka

Yule mdogo wangu siku hizi anasoma Uvira. Nilimpigia simu kumweleza habari ya kebo, akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba msamaha kwa kosa la kuchomelea, na kwa lile kubwa zaidi la kukaa kimya siku ile. Akaniambia: "Yaya, mimi nilikuwa najua. Mguu wangu nilikuwa nausikia."

Pasaka alikuja kusalimia wazazi. Tulikuwa tunarekodi, na yule kijana mwingine akampa kiti mwenyewe bila kuambiwa. Alipiga wimbo mmoja. Tulipousikiliza, ngoma ya mguu ilikuwa imejaa nyumba nzima. Yule mzee wa komite aliomba turudie, akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akamwuliza kama atabaki. Alijibu kwa adabu kwamba hapana, masomo yanamngoja, na kule Uvira ameshapata korali nyingine.

Kwa hiyo mikro nzuri sasa tuko nazo, ila mpigaji tulimpoteza kwa kebo ya dola chache. Ndugu zangu, mkifanya rekodi ikatoka mbaya, msianze na kumhukumu mtu. Pimeni kebo kwanza, halafu ngozi, halafu umbali.